Pijo 504 ya baba: nilivyoiua hedi kwa mikono yangu, na lawama akabeba fundi

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa zangu humu shikamooni, wengine mambo vipi.

Mimi ni msomaji wa jukwaa hili la magari kwa miaka mingi. Nachangia kwa nadra, nyuzi nyingi napita kimya kimya. Leo naandika wa kwangu.

Sina picha za kuweka na sijaja kutafuta huruma. Nitakachosema kimetokea kama nitakavyokisema, na pale nilipofanya ujinga nitasema nilifanya ujinga. Nimechoka kuficha.

Niko Shinyanga mjini, Ngokolo. Kazi yangu ni marudio. Kwa msio wa huku, marudio ni ule mchanga wa mawe ambao wachimbaji wameshausaga na kuuosha, wamechukua dhahabu yao wakaondoka. Sisi wa hali ya chini tunaununua tunauosha tena kutafuta kilichobaki. Nina kibanda na sehemu ndogo ya kuoshea kule Mwakitolyo. Naenda Jumatatu, narudi Ijumaa nikiwa na matope mpaka masikioni.

Shikeni hapo kwenye kazi yangu, maana ndiko balaa lilikotokea.

Baba yangu, Mzee Idrisa, alikuwa dereva wa malori ya pamba enzi hizo pamba ni pamba. Ukoo wetu ni Wazaramo, babu yake alikuja huku na reli akaoa huku, hakurudi tena pwani. Mzee alipostaafu, hela yake ya kustaafu wenzake walijengea, yeye akaenda mnadani akanunua Pijo 504, saluni, rangi ya maziwa. Mama, Mungu amrehemu, alinuna miezi. Baadaye na yeye akawa anapanda mbele, mkoba mapajani, anasalimia watu kwa mkono kama mke wa waziri.

Gari hiyo niliiharibu mimi. Tuanzie hapo.

Nilikuwa nimeiazima kwenda Kahama. Wakati wa kurudi, nimepita Didia, paipu ya redieta ikapasuka. Mshale wa joto ukapanda. Niliuona kabisa, wakuu. Nikajiambia nimekaribia, itafika. Ikafika kweli, inatoa moshi mweupe nyuma, na ukivuta kijiti cha oili unaona kitu rangi ya chai ya maziwa.

Mzee hakunigombeza. Aliifunika turubai, akasema tutaitengeneza Mungu akijalia. Ikalala chini ya turubai miaka miwili kwa sababu kila nikipata kidogo kina kazi nyingine.

Kisha yakaja macho.

Presha ya macho. Alikuwa anajigonga kwenye fremu za milango tukidhani ni uzee. Daktari akamwambia waziwazi kwamba kilichopotea hakirudi, dawa itapunguza kasi tu, na kwa ilivyo sasa ajiandae. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwisha. La kulia lilikuwa linaona katikati tu.

Tukarudi nyumbani. Alipofika akanyoosha mkono akagusa lile turubai, akaniambia:

"Shabani, sitaki kuhangaishwa na mahospitali mengine. Nataka hii ipone. Niendeshe mwenyewe mpaka Tinde na kurudi, mara moja tu, wakati barabara bado naiona. Baada ya hapo basi."

Najua kuna watakaonisema, eti unampaje usukani mtu wa macho mabovu. Mpango ulikuwa Jumapili asubuhi barabara ikiwa tupu, mimi nimekaa ubavuni kwake, mwendo wa baiskeli. Nisemeni tu. Baba yangu hakuwahi kuniomba kitu maishani mwake zaidi ya hicho.

Nikaanza kuhangaika na bajeti ya mtu wa marudio.

Fundi alikuwa mmoja tu, Mzee Masanja wa Kagongwa. Gereji yake ni bati na nguzo nne nyuma ya mashine za mpunga. Yeye na baba walikuwa pamoja kiwanda cha pamba, mmoja anaendesha mwingine anafunga injini, zaidi ya miaka thelathini. Masanja ni Msukuma, baba ni Mzaramo, na mnajua utani wa makabila hayo. Sijawahi kuwasikia wakisalimiana kama watu wenye akili timamu.

Tulipoivuta Pijo mpaka Kagongwa na mzee akaja naye, Masanja alitoka chini ya trekta akasema:

"Huyu Mzaramo gari limemshinda kama lilivyomshinda jembe."

"Kimya wewe," baba akamjibu, "ufundi umejifunzia baiskeli ya mjomba wako, na mpaka leo hajawahi kuipanda tena."

Nikauliza habari ya malipo. Masanja akasema hela ya ufundi hataki, atakuja kuidai siku baba anazikwa, atalala ndani ya kaburi na hatoki mpaka watoto wamlipe. Mzee alicheka mpaka akashika bodi ya gari asianguke. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu hospitali.

Injini ikafunguliwa. Hedi, kile kichwa cha juu cha injini, imepinda, gasketi imeungua kati ya silinda mbili, ringi za pistoni zimechoka. Lakini bloku nzima, krenki nzima. Masanja akazibana laina, yaani kuta za silinda, kwa bolti na washa ili zisinyanyuke, akaniambia Mungu bado anatupenda. Kazi ilikuwa hii tu: hedi ikachongwe uso iwe bapa, valvu zisagwe kwa mkono, gasketi na ringi zitafutwe, tufunge.

Hedi ya gari hii ni alumini. Naomba mliweke hilo kichwani.

Gasketi ilipatikana Mwanza, kwa mzee mmoja anayeuza spea za magari ambayo hayatengenezwi tena. Ringi tukapata za kulinganisha. Valvu Masanja alizisaga mwenyewe kwa mkono, siku mbili amekaa kwenye kigoda anazungusha kijiti huku akiimba. Hedi nikaipeleka Kahama kwenye mashine ya kuchonga. Ilitoka uso wake unang'aa, unajiona ndevu.

Ilikuwa Alhamisi. Masanja aliniambia kwa simu: "Ifunge kwenye gunia kavu, uniletee hivyo hivyo Jumatatu. Usiiguse. Nitaiosha mwenyewe kwa petroli kabla ya kufunga."

Usiiguse. Neno moja tu hilo.

Kutoka Kahama sikwenda Ngokolo, nilipitia Mwakitolyo maana nilikuwa na mchanga wangu unanisubiri. Nikaweka hedi kibandani. Ijumaa asubuhi nikaiangalia nikaona ina vumbi la chuma kwenye matundu, na ile dawa ya kusagia valvu imeganda pembeni. Nikajisemea, mzee wa watu anafanya kazi bure, ngoja nimpunguzie.

Nikachukua karai langu. Nikamimina petroli. Nikaitumbukiza hedi nikaanza kuisugua kwa brashi ya waya, uso wote, kila tundu. Nilisugua kwa mapenzi kabisa, wakuu, karibu saa nzima. Nilikuwa nampigia mzee picha kichwani akiwa barabarani.

Karai hilo ndilo ninalokamatia dhahabu kwa zebaki.

Lilionekana safi. Nililiosha siku mbili kabla. Lakini zebaki haioshwi ikaisha, inajificha kwenye mikunjo ya karai vitone vidogo usivyoviona. Na mimi mtu wa zebaki miaka kumi na moja! Najua inashika dhahabu, najua hata pete ya ndoa unaivua kabla ya kuigusa. Sikuwahi kujiuliza inafanya nini kwenye alumini. Kule kwetu karai ni karai, unaoshea mchanga, unafulia suruali, unaogea miguu.

Nikaikausha, nikaifunga kwenye nailoni na gunia, nikarudi nyumbani. Mzee alilipapasa lile gunia akatabasamu. Akauliza Tinde siku hizi wanachoma nyama upande gani wa barabara.

Jumatatu nikafika Kagongwa. Masanja akafungua gunia.

Uso ule uliokuwa unang'aa ulikuwa umeota manyoya.

Sijui niseme vipi mnielewe. Vitu vyeupe, vyepesi, virefu kama ukucha, kama ukungu unaoota kwenye mkate uliosahaulika. Vimejaa kwenye uso na kwenye midomo ya matundu ya maji. Nikapangusa kwa kitambaa, vikadondoka unga. Chini yake kijivu, na palikuwa na joto la ajabu ukigusa. Tukiwa tumesimama hapo hapo tunatazama, vikaanza kuota tena. Unaona kabisa vinanyanyuka.

Masanja akainama, akatazama kwa karibu, akarudi nyuma.

"Shabani, umeioshea kwenye nini?"

Nikasema kwenye karai.

"Karai la wapi?"

Akakaa kwenye kigoda chake, akavua kofia.

Akaniambia aliwahi kuona sufuria ya mama ntilie mmoja machimboni imekufa hivyo hivyo, ilitoboka kama kitambaa cha zamani, na tangu siku hiyo mama yule hakuruhusu mchimbaji aguse vyombo vyake. Nikamwambia tuipashe moto zebaki itoke. Alinifokea. Kwamba moshi wake unaua mtu, na kwamba nimeshaua hedi, nisiue na watu.

Tulijaribu. Tulikwangua, tukaosha kwa maji ya chumvi, kwa sabuni, kwa kila tulichoambiwa. Tukairudisha Kahama ikachongwa tena. Yule wa mashine alichukua kidogo, chini yake mashimo. Akachukua tena, mashimo. Mwishoni akazima mashine akatuambia kwamba hapo gasketi haitakaa hata kwa maombi, na akiendelea valvu zitagonga pistoni.

Ndipo nilipoanza kutafuta hedi nyingine. Mwanza hakuna. Tabora hakuna. Yule mzee wa gasketi aliniambia ameiona ya mwisho miaka mingi nyuma. Nikasikia Geita kuna injini ya 504 inayopiga pampu ya kutoa maji mashimoni. Nikaenda na pikipiki, nikalala njiani, nikafika. Injini ipo kweli. Hedi yake ina ufa kutoka valvu hadi valvu, wameijaza gundi ya chuma. Nilikaa juu ya lile lundo la mawe nikalia kama mtoto, watu wanapita na mifuko ya mchanga, hakuna aliyeniuliza kitu. Machimboni mtu akilia wanadhani amepoteza hela.

Muda wote huo jicho la kulia linakwenda. Kila wiki mzee anaona padogo zaidi. Anaweka kikombe hewani, kinadondoka.

Sasa nakuja kwenye sehemu yenyewe. Hiyo ya karai ningeweza kuileta hapa tukacheka.

Nilirudi kutoka Geita, mzee amekaa barazani. Akasema, "Shabani, niambie ukweli. Pijo ina nini? Wiki sita sasa."

Nikamwambia hedi imeharibika.

"Imeharibikaje? Si ilishachongwa?"

Na mimi, mwanaume mzima, baba wa watoto watatu, nikasema: "Masanja aliioshea dawa mbaya. Ikaila."

Ilitoka yenyewe. Nilikuwa nimeshaharibu mara moja, kule Didia, na hakunigombeza. Sikuweza kumwambia nimeharibu tena. Nilijiambia ni watani hawa, atamtukana weee, watacheka, yataisha.

Mzee hakutukana. Alisema tu, "Masanja?"

Wiki iliyofuata Masanja akaja Ngokolo mwenyewe, na kilo tano za mchele mkononi. Nilimwona anaingia getini nikatamani ardhi inimeze, maana sikuwa nimemwambia kitu. Akaanza kama kawaida yake, kwa sauti, salamu ya Kisukuma kwanza:

"Mwangaluka! Yuko wapi Mzaramo, au ameshakufa nikachukue kaburi langu?"

Baba akageuza uso upande wa sauti. Akasema:

"Karibu, Bwana Masanja."

Bwana Masanja. Zaidi ya miaka thelathini sikuwahi kusikia hilo neno. Mtani ana haki ya kukufanyia chochote, na wewe huna haki ya kukasirika, ndio utani wenyewe. Baba alipomwita Bwana, alikuwa amemfungia mlango.

Masanja akasimama na mchele wake.

"Gari langu nilikuletea wewe kwa sababu wewe ni wewe," baba akasema. "Ungeniambia mwenyewe kwamba umekosea. Nimesikia kwa mtoto."

Masanja akanitazama mimi. Sitasahau. Hakuwa na hasira, alikuwa anasoma. Nilifungua mdomo, na Mwenyezi Mungu ni shahidi, hakikutoka kitu.

Kisha akamgeukia baba, akasema taratibu:

"Nilikosea, kaka. Nisamehe."

Masanja akaweka mchele juu ya meza, akaondoka.

Nilimkimbilia mpaka barabarani. Nikaanza, mzee wangu, mimi... Akanikatiza:

"Ng'wanawane, mwanangu, mimi ni mtani, naweza kubeba. Leo anapoteza macho, asipoteze na mtoto. Lakini si wa kwangu huu mzigo. Mwambie mwenyewe, na usikawie."

Nikakawia.

Jicho la kulia likafunga kabisa mwezi uliofuata. Siku moja tu aliamka akauliza mbona hatujafungua madirisha. Madirisha yalikuwa wazi. Tinde hakwenda. Pijo tuliivuta ikarudi, ipo uani chini ya turubai lake, boneti tupu. Hajawahi kuitaja tena.

Anakaa barazani peke yake kutwa. Masanja alikuwa anakuja kila wiki mbili au kumpigia simu kumtukana. Sasa simu haiiti. Namwona mzee anaishika mkononi, anaiweka, anaishika. Hicho ndicho kinachonimaliza. Macho aliyachukua Mungu. Rafiki nimemchukua mimi.

Jana, Ijumaa, tumetoka msikitini, nimemshika mkono. Njiani akaniambia:

"Nimefikiri sana. Masanja ni binadamu, amekosea kama wengine. Nimemsamehe. Nenda Kagongwa ukamwambie kwa mdomo wako, simu haifai. Aje, na aje na matusi yake."

Nikasema sawa baba.

Leo asubuhi nimekwenda. Nimemkuta anafunga pampu ya trekta. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kugeuka. Nikamwambia, mzee amenituma, anasema amekusamehe.

Akaweka spana chini. Akafuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Umemwambia?"

Nikasema bado.

"Basi huo msamaha rudi nao. Si wangu."

Akachukua spana yake akaendelea na kazi.

Nimerudi Ngokolo saa saba mchana. Mzee alisikia pikipiki toka kona, akawa ameshasimama mlangoni ameshika fremu, anatabasamu kuelekea mahali ambapo sikuwepo.

"Amesemaje?"

Wakuu, nilikuwa nimejiapiza njia nzima kwamba nikifika namwambia. Isaka nikaapa, Tinde nikaapa, Didia nikaapa.

Nikamwambia: "Amefurahi sana, baba. Anasema kesho anakuja."

Sasa hivi naandika haya niko uani, nimekaa ndani ya Pijo. Nawasikia ndani, mzee anamwelekeza mke wangu ule mchele wa Masanja, ambao alikuwa amekataa usipikwe, kesho upikwe wote. Ametaka kanzu yake nyeupe ipigwe pasi. Anajaribu matusi mapya peke yake kwa sauti ya chini, kisha anacheka.

Funzo? Kama unachimba, alumini usiisogeze karibu na zebaki, hata karai ulilodhani limeoshwa. Fundi akikwambia usiguse, usiguse. Hayo mjifunze bure kwangu.

La pili sijui nilisemeje, kwa sababu bado nimo ndani yake. Uongo niliousema mara ya kwanza ningeweza kuufuta kwa dakika tano na kibao kimoja cha uso. Kila wiki niliyongoja umekuwa mzito zaidi.

Najua mtakachoniandikia, nendeni moja kwa moja, msinipambe. Ila kama kuna mtu humu ameshawahi kukaa mbele ya mzazi wake na kumwambia kitu cha namna hii, naomba aniambie sentensi ya kwanza aliianzaje. Hiyo tu. Hizo zingine nitajua mwenyewe.

Mke wangu ameshaanza kuchambua mchele.